Usimpandishe Jaha Gari Bado

Nyuma ya Soko,
Mbeya.
12 Juni, 1957.

Mpendwa wifi yangu Mwanakhamisi,

Salamu nyingi zikufikie hapo Pangani, wewe na kaka yangu Zubery na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha kaka, bado anakificha akidhani hakisikiki? Mwambie kwamba dada yake anakisikia mpaka huku. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetuingia mifupani. Asubuhi maji ya kutawadhia yanauma mikono, na kuku wangu wawili wamekufa kwa baridi, au ndivyo jirani anavyotaka niamini.

Utaona mwandiko ni wangu mwenyewe, umekwenda upande. Siku zote mwanangu Selemani ndiye aniandikiaye, lakini barua hii sikumpa, kwa kuwa kesi yenyewe ni yake. Neno kubwa nalisema kwanza: binti yenu Jaha usimpandishe gari. Najua tulipatana aje kabla ya Iddi Kubwa, aolewe na mwanangu kama tulivyopeana neno mimi na wewe. Najua umeshamshonea na nguo. Nakuomba umzuie, usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Yalianza na safari. Baada ya Iddi iliyopita mume wangu aliniambia kwamba yeye na Selemani, pamoja na rafiki yake Selemani aitwaye Asukile, kijana wa Kinyakyusa anayetengeneza naye magari, watakwenda Usangu kutembea. Lori litawashusha Igawa. Hapo watapanda mitumbwi miwili, wateremke na mto mchana kutwa, walale ukingoni, kesho yake waendelee. Nikamwuliza kuna nini huko mtoni. Akasema hakuna kitu, ni matembezi tu ya marafiki.

Wifi, wewe unamjua Halfani. Tangu tuhamie huku bara hajalala nje ya kitanda chake kwa hiari. Mtu ambaye chai ikipoa anaona ameonewa, leo anataka kulala kwenye majani, kando ya viboko, kwa matembezi! Kweli amezaliwa hapo Pangani na kasia analijua tangu utoto, na vijana walisema ndiyo sababu wanamtaka awaongoze. Nikasema hewala. Moyoni nikajua hapa pana jambo, nikaanza kuangalia.

Kila alasiri walikaa kwenye baraza ya duka anaposhonea Halfani, wakipanga. Unga kiasi gani, chumvi, sufuria, nani apige kasia mbele na nani akae nyuma. Nikitokea mimi, mazungumzo yanageuka kuwa ya baridi. Watu watatu wazima, kila nikipita wanazungumza habari za baridi! Nami nikawa napita mara nyingi zaidi, leo nimesahau ufunguo, kesho natafuta uzi.

Kisha yakaja mambo ya hema. Mume wangu alipata turubai kuukuu la lori akalishona hema, kazi nzuri kweli, ingawa sindano zilivunjika mpaka akawa anaapa. Likaisha. Kesho yake nikamkuta anashona jingine, dogo, lenye pazia mlangoni. Wanaume watatu lile la kwanza linawatosha na nafasi inabaki. Nikamwuliza, hili la nani? Akasema ni la unga, usilowe. Wifi, tangu lini unga ukawekewa pazia?

Sasa nikujulishe kwa Tupokigwe, maana ndiye aliyeninyima usingizi. Ni mdogo wake Asukile. Baba yao amefariki, wanakaa pamoja Iyunga. Msichana huyu ananiletea ndizi na maharage mlangoni tangu mwaka jana. Msafi, mcheshi, ananiita mama, na akiketi kwenye mkeka wangu haondoki mpaka tucheke. Mume wangu akiingia, alikuwa akimwamkia kama mtoto yeyote, shikamoo baba, marahaba, yamekwisha.

Baada ya Iddi mambo yakabadilika. Halfani akikohoa tu uani, msichana anajifunika kanga kichwa kizima anatoka kwa mlango wa nyuma, ndizi anaziacha hapo hapo. Siku moja walikutana njia ya sokoni, mimi niko nyuma nawaona. Msichana akaacha njia akaingia kwenye tope, akageuza uso ukutani mpaka mwenzake alipopita. Na Halfani naye akainamisha macho akaongeza mwendo. Mtu asiye na lake angeshangaa, angeuliza mtoto huyu ana nini. Yeye hakushangaa hata kidogo.

Nikaamua kumjaribu msichana. Nikamwambia, Tupokigwe mwanangu, mpelekee fundi chai hii pale barazani. Akaweka kikombe chini upesi.

"Hapana mama, mimi siwezi kwenda pale."

"Pale kwa nani?"

"Kwa yule baba."

"Yule baba hana jina? Mtaje."

Akatazama mkeka. "Mama, mimi jina yake siiti. Usinilazimishe."

Wifi, sikiliza. Wewe na mimi tumelelewa Pangani. Huko kwetu ni nani asiyetaja jina la mwanamume? Si mkewe? Mimi mwenyewe miaka yote namwita Baba Selemani, na humu barua nzima namtaja kwa sababu ya hasira tu. Msichana amjue mtu tangu mwaka jana, amwamkie vizuri, kisha ghafla amwonee haya, ajifunike, asimtaje! Dalili ya mvua ni mawingu. Nikalichukua hilo nikaliweka pamoja na hema la pazia, nikapata jibu langu: nimeshaletewa mke mwenza, na safari ya mtoni ni fungate.

Nililia, sikufichi. Nililia nikipepeta mchele, ili akitokea mtu niseme ni vumbi. Nikamfikiria Jaha. Nitamleta mtoto wa kaka yangu katika nyumba gani? Aje kuwa mkamwana mahali ambapo baba mkwe ana bibi arusi wa umri wake? Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zangu zote anazishona yeye huyo huyo.

Ijumaa, baada ya sala, nikavaa buibui langu nikaenda barazani mchana kweupe. Walikuwepo wote watatu, turubai limetandazwa, Asukile anawachorea mto kwa chaki sakafuni, hapa pana mawe, hapa tutalala. Tupokigwe naye alikuwepo, lakini nyuma ya ukuta wa duka, amewapa kisogo, anafunga chumvi kwenye majani ya mgomba. Sikuketi. Nikasema kwa sauti ya kufika sokoni:

"Baba Selemani, huyu mke mwenzangu ulimwoa lini, na nani aliyesimama katika ndoa hiyo?"

Nilidhani atakana. Akavuta uzi wake mpaka mwisho. Nyuma ya ukuta nikasikia chumvi inamwagika, na msichana akatoka mbio amejifunika, akaingia migombani. Asukile akasimama.

"Mama! Hiyo maneno usiseme, mama! Kwetu hiyo ni mwiko mbaya sana. Yule ni baba mkwe yake! Mkwe haangaliwi, mkwe haitwi jina, mkwe hata hema moja hamlali!"

"Mkwe kwa nani?" nikauliza.

Asukile akajiziba mdomo na mkono wenye chaki. Halfani akatazama sindano yake kana kwamba ameiona leo. Ndipo Selemani wangu aliposema, "Kwangu, mama. Namwoa mimi."

Ndiyo hivyo, wifi. Kumbe kwao Wanyakyusa msichana akishakubaliwa uchumba tu, baba wa mchumba wake anakuwa mtu wa kuepukwa. Msichana hamtazami, hali naye, halali naye chini ya paa moja, njiani humpisha, na jina lake halitoki kinywani mwake. Ni heshima, tena kubwa. Halfani alielezwa mila hiyo na Asukile, ndiyo maana naye alikuwa akiinamisha macho. Mama mkwe hayumo katika mwiko huo, kwa hiyo kwangu msichana aliendelea kuketi na kucheka. Heshima ile mimi nikaiita ndoa ya siri.

Na safari je? Mwenye kauli juu ya Tupokigwe ni baba yake mdogo, mzee Fanueli, naye analima mpunga huko Usangu chini ya mto, mahali ambapo lori halifiki. Asukile amekwisha kukubali kwa upande wake. Sasa baba wa mvulana lazima afike mwenyewe kwa mzee kuomba, na msichana aulizwe mbele yake kama anataka. Mtumbwi mmoja wa Halfani, mmoja wa msichana, na hema dogo ni lake. Unga haukuhusika.

Nikawauliza kosa langu ni nini hata nifichwe jambo kama hili. Selemani akaanza kukunja turubai. Baba yake ndiye aliyejibu, taratibu, kama anayenipima gauni: "Ungejua, Mama Selemani, Jaha angekuwa keshafika." Wifi, nilitaka kumtupia mkasi. Lakini ni kweli. Ningekuandikia siku hiyo hiyo, Jaha angekuja, na mwanangu angeoa kwa kuona haya mbele za watu. Msichana anamkimbia baba mkwe kwa mila ya kwao. Mwanangu amenikimbia mimi, na hakuna mila iliyomwamuru. Hilo limeniuma kuliko mke mwenza, na mpaka leo linaniuma.

Usidhani nimelainika upesi. Nimeuliza habari ya dini, maana wao ni watu wa misheni. Nimeambiwa hilo litasemwa wazi kwa Fanueli kabla ya jingine lolote. Nimeuliza habari ya ng'ombe, maana huko mahari ni ng'ombe, na mume wangu hajui hata ng'ombe hukamwa upande gani. Wakacheka, mimi sikucheka. Bado nawashuku wote watatu.

Jana msichana alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomwambia. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, nilipomwona yakapotea. Akapiga magoti akasema, "Mama, mimi sikufanya kosa na yule baba. Nilikuwa naogopa wewe utasema mimi sina adabu." Nikamwambia adabu anayo ya kutosha watu watatu, na sisi wengine atuazime. Akasema, "Ndaga, mama," ndiyo ahsante ya kwao, akalia. Nikalia naye, safari hii bila mchele.

Basi wanaondoka Jumamosi hii. Msichana hawezi kupanda mtumbwi mmoja na Halfani, wala si vizuri awe peke yake ndani ya hema porini wakati wanaume wako nje wanalinda moto. Kwa hiyo nimesema nitakwenda mimi. Naogopa maji, naogopa mamba, na hao viboko hata kuwafikiria sitaki. Lakini nataka nimsikie huyo Fanueli kwa masikio yangu, na nimwone msichana akisonga ugali kwenye upepo. Wamekubali haraka mno niende, jambo ambalo nalo silipendi.

Sasa la Jaha. Neno letu nimelivunja, wifi, na naona haya mbele yako na mbele ya kaka. Sina udhuru. Nilitoa ahadi ya mtoto bila kumwuliza mtoto. Ukikasirika utakuwa na haki, na nikija Pangani nitakuomba radhi kwa kinywa changu, mbele ya yeyote umtakaye.

Lakini nina swali, nawe unajua shaka ikishamkaa mtu haiondoki kwa siku moja. Barua zako zote tangu mwaka huu uanze nimezisoma tena. Umeniandikia nguo ziko tayari, sanduku liko tayari, kaka yuko tayari. Hujaandika hata mara moja kwamba Jaha amefurahi. Je, yeye aliulizwa? Au tuliulizana mimi na wewe, tukajibizana? Mwite jikoni mkiwa wawili, mwulize kwa upole, na akinyamaza usimjibie. Wangu nilimjibia miaka miwili, akaona afadhali apite kwa viboko kuliko kupita kwangu.

Nisalimie kaka, umwambie anywe tangawizi. Nisalimie Bi Mwanajuma na watoto wa nyumba ya pili, na majirani wote wanaonikumbuka kwa mema. Wale wanaonikumbuka kwa mengine uwanyamazie tu. Halfani na Selemani wanawasalimu, ingawa hawajui kama nawaandikia. Mwenyezi Mungu awalinde, awape riziki ya halali na usingizi mtulivu, na sisi atuvushe mto salama.

Na Jaha mwambie anasalimiwa na shangazi yake. Mama mkwe hayumo katika barua hii.

Wako akupendaye, hata ukininunia,
wifi yako,
Kudra