Gemu Letu la Futari

Jumamosi, 12 Aprili. Mvua tangu alfajiri, kichochoro chetu kimejaa maji.

Shajara, leo nakueleza yote, hata yale yanayonitia haya.

Gemu letu halitoki. Halitoki kwenye mashine za gemu zinazochomekwa kwenye televisheni, na huko ndiko tulikokutaka. Wenye programu tuliyolitengenezea wameistaafisha. Kwenye kompyuta itaendelea kufunguka, ila mashine za gemu hazipokei tena kitu kilichotengenezwa nayo. Tangazo walilitoa mapema. Muda tulikuwa nao.

Nimeumaliza mimi.

Gemu lenyewe ni jepesi. Ni Ramadhani, umebeba sahani ya futari iliyofunikwa kawa, unaipeleka kwa jirani kabla ya adhana ya magharibi. Unapiga hodi, unaitikiwa, unarudishiwa sahani ikiwa na kitu, maana sahani hairudi tupu. Mimi naandika programu. Rahma, binti wa mama mdogo, anachora. Tulianza na nyumba sita, na mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, zote zilikuwa tayari.

Kisha nikamwonesha mama.

"Umempa Bi Asha ukamruka Mzee Haji, na ukuta wao ni mmoja?"

Nikamwongeza Mzee Haji. Habari ikaenea. Kila aliyesikia akataka mlango wake uonekane, na mimi sijui kumwambia mtu mzima hapana.

"Unatengeneza gemu au sensa?" Rahma aliniuliza. Nikacheka, nikaongeza nyumba nyingine.

Ramadhani ikaja, ikaondoka.

Leo Rahma kaja kutoka Mpendae, kalowa chapachapa, ana shauri. Ipo programu mpya ambayo mashine zinaikubali, lakini kila kitu kitaandikwa na kuchorwa upya. Mwezi wa saba anakwenda kusoma Bara. Kwa muda uliobaki tutaweza nyumba sita tu.

"Chagua wewe, Salha. Mie nshachoka kuchora milango."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata nafuu.

Alipoondoka nikatumwa mkate. Bi Zuhura, mmoja wa majirani waliotaka mlango wao uonekane, alikuwa dirishani kwake ghorofani, akaniteremshia pesa kwa kikapu chenye kamba nimchukulie na wake. Niliporudi alikuwa bado ananingoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We Salha, mlango wangu haujatoka tu kwenye televisheni? Au futari imeishia kwa Mzee Haji?"

"Bado kidogo, bibi."

"Haya. Wajukuu wangu wa Maskati nshawaambia wakae tayari. Nyumba hii hawajapata kuiona."

Nikatia mkate kikapuni. Sikuweza kutazama juu.

Bado kidogo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na mlango wake haumo katika zile sita za mwanzo.

Ningelitoa gemu Shaabani, angeninunia wiki moja, yakaisha. Sasa anangoja yeye, na wanangoja wajukuu. Nami bado nataka litoke. Nalitaka sana.

Wewe unayenisoma, kama na kwenu futari hupelekwa kwa jirani, nijibu leo hii: ili Bi Zuhura aingie, nani nimruke?