Moshi wa Kahawa

Na bado, dada Tsehaynesh, Dukamo wangu ananiamsha kwa wimbo! Ndoa tamu, wee!

Jana majirani walikuja kunywa kahawa. Mama mkwe akikaanga buni, moshi ukanipalia, nikageuza uso. Basi vigelegele! "Harufu imemshinda bibi harusi! Ana mimba huyo!" Moyo ulinipasuka. Hapa bibi harusi asipozaa mapema husemwa, nami nina kijiti cha kupanga uzazi mkononi. Nilidhani anajua Dukamo tu.

Walipoondoka, mama mkwe akanishushia mkono wa gauni. "Funika hicho, mwanangu. Mimi nilizaa chini ya paa la nyasi linalovuja. Nyinyi subirini kwanza mavuno ya kahawa yawape paa la bati."

Nilimkumbatia nikilia. Nitakuja kukusimulia vizuri kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako mwenye raha,
Mulunesh