Mapapai ni ya Wateja

Busia, sokoni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kreti nyuma ya meza yangu, mvua imewafukuza wateja wote, na kabla sijasema langu naomba nijue goti lako linaendeleaje. Kaka Shabani aliniambia umeanza tena kupanda kule shamba la juu ingawa ulikatazwa. Mama, kabichi hazitakimbia. Pumzika. Sisi huku Mungu ametuhifadhi. Baba Zuhura yuko njiani na lori kuelekea Kampala, mimi sijambo, na Zuhura naye hajambo, tena ni mzima kuliko unavyoambiwa.

Najua utampa Shabani akusomee, na najua atasoma akirukaruka. Shabani, soma yote. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, Mama. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, kisha unalia, nami nalia, salio linakwisha na hakuna kilichoelezwa. Mara ya mwisho ulisema, "Mlete huyo mtoto. Nimelea saba hapa Lushoto na hakuna aliyenishinda kwa mchicha." Halafu ukakata. Baba Zuhura alikuwa pembeni anakunywa chai, akasema labda ni kweli, mtoto aende kwa bibi yake, huko kuna hewa nzuri, na Shabani anaweza kuja kumchukua baada ya Idi. Alisema hivyo kama mtu anayepanga safari ya mzigo. Mimi nilinyamaza, lakini tangu siku ile sina raha. Mume wangu anaishi barabarani. Mkimchukua na Zuhura, mimi hapa nitabaki kuzungumza na vitunguu?

Basi ngoja nikueleze mambo yalivyo, maana wewe umeyasikia kwa Shabani, na Shabani kayasikia kwa baba Zuhura, na baba Zuhura hayupo hata siku za kutosha kuyajua.

Ni kweli nilimpeleka kliniki. Alikuwa anachoka upesi, akicheza kidogo anakuja kujilaza kwenye magunia. Muuguzi akamfunua kope, akampima, akasema damu yake iko chini kidogo, akampa dawa na kuniagiza ale mboga za majani na matunda kila siku. Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza mboga na matunda sokoni. Aliweka kalamu chini akanitazama. Mama, sijawahi kuona haya namna ile. Mimi, mtoto wa Lushoto, niliyekua nikila plamsi mpaka tumbo linauma, nina meza imejaa kila kinachoota Kenya na Uganda, halafu mwanangu wa miaka minne anaishi kwa mandazi na chai.

Na usidhani sikujaribu. Nilikuna karoti nikaikandia kwenye unga wa chapati. Aliichana chapati vipande vidogo vidogo, akazitoa nyuzi za karoti moja moja akazipanga ukingoni mwa sahani. Nilisaga mchicha nikauchanganya na mayai. Akaniuliza mayai haya yanaumwa nini. Nilimwambia parachichi ni dawa ya kumfanya awe na nguvu, na hilo ndilo lililoniponza, maana dawa anaichukia kuliko mboga, sasa akiona parachichi anaziba pua. Baba yake naye akirudi anamletea biskuti na juisi za boksi. Siku nyingine anamnunulia rolex, ile chapati ya mayai wanayoviringisha huku, na Zuhura anaikunjua, anatoa kabichi yote, anatoa nyanya, anamkabidhi baba yake mkononi. Baba yake anazila huku anacheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Nilibembeleza, nilifoka, niliahidi kumnunulia viatu vyekundu. Kuna siku nilikaa naye mbele ya bakuli la majani ya kunde mpaka yakaganda, yeye amefumba mdomo na mimi nimefumba wa kwangu nisije nikasema neno baya. Aliyeshindwa ni mimi, kwa sababu nilikuwa na mteja.

Sasa sikiliza kilichotokea. Hapa nina mteja mmoja, mama wa Tororo mwenye hoteli kule malori yanakopanga foleni. Ni mteja wa maana, ananunua mapapai na mboga za kuwapikia madereva. Siku hiyo nilikuwa nimeinama natafuta mfuko, Zuhura amekaa juu ya kreti kama mwenye duka. Yule mama akashika papai akamuuliza, "Toto, hii papai yako iko tamu?"

Zuhura akasema hajui. Hiyo si ya kula.

"Sasa iko ya nini?"

"Ni ya wateja," mwanao akajibu, maana siku hiyo nilimkana nikasema ni mtoto wako wewe. "Sisi tunakula zile zimeoza. Mama ameziweka hapa chini ya meza."

Mama wa hoteli akainama akachungulia chini ya meza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, lakini papai alilirudisha, akaanza kubonyeza mengine yote moja moja, akaondoka na mboga tu. Kufikia mchana soko zima lilikuwa linanisalimia kwa "zile zimeoza". Wenye mihogo, wenye dagaa, hata wasukuma mikokoteni.

Nilipandwa na hasira, Mama, nikamshika Zuhura mkono na ningemfinya kweli. Aliyenizuia ni Nafula, jirani yangu wa meza anayeuza ndizi, Msamia wa Buhehe. Akaniambia bila hata kuacha kupanga ndizi zake, "Mama Zuhura, utapiga mtoto juu amesema ukweli? Wewe unampea yenye imeharibika, unataka aipende aje?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba hata yeye hufanya vivyo hivyo, na soko zima hufanya. Na ndivyo ilivyo. Mtoto akianza kutambaa kati ya makreti, neno la kwanza tunalomfundisha ni usiguse, za wateja. Tutafanyaje? Akiuma nyanya moja, alama ya meno inaharibu fungu zima. Yale mazuri yanapangwa juu, na jioni kilichobaki, kilicholainika, kilichobonyea, ndicho kinachokwenda nyumbani. Unakata sehemu mbovu, unamega iliyobaki, unamwambia mtoto kula, ni tamu. Nani atapasua papai zima la kuuza wakati la kutupwa lipo? Hata wewe uliziuza peasi nzuri zote barabarani. Lakini sisi tulikuwa tunapanda mtini wenyewe kabla wewe hujaamka.

Nafula akasema wanawe hula matunda vizuri, ila hawali ya hapa sokoni. Wanakula kwa nyanya yao Buhehe, yaani bibi yao, wanachuma wenyewe.

Hilo ndilo neno lako, Mama, limetoka kwenye mdomo mwingine. Nilifunga meza mapema, nikarudi nyumbani nikiwa nimechukia watu wote, wewe ukiwa wa kwanza, unisamehe.

Kesho yake asubuhi mapapai yalifika kutoka Mukuju, yamefungwa kwenye majani ya migomba, mazuri kweli. Niliyapanga, kisha nikamwambia Zuhura achague moja, lolote analotaka. Akanitazama kama nimemtegea mtego. Nikarudia. Akachukua lile la juu kabisa, akalishika kwa mikono miwili, akalirudisha. Akachukua tena, akarudisha. Kisha akachuchumaa akaangalia chini ya meza kutafuta la kwake.

Mama, nilijisikia vibaya na nilikasirika vilevile, yote kwa pamoja. Nikachukua kisu.

Sasa ujue kwamba hapa sokoni hakuna anayetoa kitu bure kabla hajauza. Mteja wa kwanza ndiye anayefungua biashara, na wanasema ukigawa kabla yake umeifungulia mkosi siku nzima. Nafula mwenyewe ndiye aliyenifundisha nilipokuja hapa mgeni. Aliponiona na kisu akaniambia nisubiri hata mteja mmoja tu, mtoto hatakufa. Nami nilikuwa nimechoka kusubiri wateja. Nikalipasua lile la juu katikati, jekundu, mbegu zikamwagika mezani.

Zuhura akaanza kulia. Hakulia kwa sababu hataki kula, nakuapia. Alilia kwa kuwa nimeharibu mali ya watu. Alikuwa anajaribu kulifunga papai kwa mikono yake lirudi kuwa zima. Nilisimama pale na kisu changu sijui nifanye nini.

Nafula aliacha ndizi zake akaja. Akavuta kreti, akaketi, akasema, "Nikatie." Nikamkatia. Akala polepole, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, na huyu ndiye aliyetoka kuniambia naleta mkosi. Zuhura akanyamaza akamtazama.

"Umelipa?" akamuuliza.

"Sijalipa. Mama yako amenipea."

"Hata mimi sijalipa," Zuhura akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikamwambia wewe hulipi. Mama, nilikuwa nalia sasa, na nilikuwa nimeshika kipande. Akakipokea. Alikilamba kwanza, akakunja uso, akakilamba tena, kisha akakila mpaka kwenye ganda, na akaomba kingine. Hakuna mtu aliyemfanyia hila wala kumwahidi viatu.

Wateja siku hiyo walichelewa kweli. Kila nikigeuka namkuta Nafula ananitazama.

Sikudanganyi kwamba yote yameisha. Mboga bado ni vita. Nimeanza kumwacha achague fungu mezani mwenyewe asubuhi, linawekwa kando kwa jina lake, na jioni tunalipika hilohilo. Kunde zilizoungwa kwa karanga anakula, nusu kwa njaa na nusu kwa kunionea huruma. Sukuma wiki anakula nikiikata nyembamba sana. Mrenda hataki kuuona, anasema unamtelezea kooni kabla hajaukubali. Dawa anameza, na muuguzi safari hii alipomfunua kope alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ila sasa amenizidi kwa njia nyingine. Amekuwa mkaguzi. Juzi nilimpa chungwa, akaligeuza, akalibonyeza, akasema mbele ya watu waliosimama kununua, "Hili limelainika, wape wateja." Niambie, Mama, mtoto huyu nimfanye nini? Kwanza alinifukuzia wateja kwa kutokula, sasa ananifukuzia kwa kula.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote, usimtume Shabani. Najua unamtaka kwa mapenzi, na najua hewa ya Lushoto ni nzuri, niliivuta mimi. Lakini mtoto huyu hakuwa anaumwa ukosefu wa hewa. Baba Zuhura nimeshamwambia, na safari hii sikunyamaza. Alikunywa chai yake yote, akasema, "Basi abaki." Sasa limebaki neno lako.

Wewe njoo. Nakutaka hapa, goti na yote. Njoo umwone anavyokula, umsikie anavyosema Kiswahili chake cha mpakani kitakachokuumiza masikio. Lakini uje na begi la nguo zako tu.

Nisalimie mjomba Hoza anayekusaidia maji, na shangazi Mwanahamisi, mwambie ule ukili alionitumia umenitosha kushona makapu mawili. Nisalimie mke wa Shabani na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona, na Bi Tatu jirani yetu wa bondeni, mwambie sijasahau peasi zake nilizokuwa naiba. Dereva atakayekuletea barua hii ni mwenzake baba Zuhura, mpe chai, amekwenda mbali kwa ajili yetu.

Nilikuwa nimeshafunga salamu, lakini kuna kitu kiko hapa mezani kinanisumbua. Zuhura alisikia kwamba unamtaka. Amechagua papai kubwa kuliko yote yaliyokuja wiki hii, ameliweka pembeni na kulifunika kwa kitenge changu. Mteja akiligusa anamwambia, "La bibi. Haliuzwi." Mama wa hoteli ameshaliomba akakataliwa. Nimemweleza kwamba Lushoto ni mbali, kwamba mpaka bibi apate barua papai litakuwa limeoza. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Basi bibi akuje haraka. Hatakula yenye imeoza."

Leo asubuhi nimelifunua. Limeshaanza umanjano upande mmoja.

Ni mimi binti yako,
Saumu, mama Zuhura