Salamu za Verlin Kutoka Angani

Elkvale, Nebraska
2 Septemba 1944

Mama yangu mpenzi,

Barua ya juzi sikuimalizia, maana posta walikuwa wanafunga! Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepoa. Sisi hatujambo kabisa, na furaha tuliyo nayo haina mfano.

Basi nilikuwa nasema: nyumba yetu ni banda la kuku. Usicheke! Wake wa marubani tumekuwa wengi kuliko vyumba vya mji huu, kwa hiyo Bi. Kucera, mfugaji wa hapa, amelipaka chokaa banda lake la zamani, akatia kitanda na jiko, nami nimetundika mapazia. Mwanao Verlin akiingia lazima ainame. Anaanza kuwika mlangoni, kisha anauliza, "Mke wangu yumo humu?" Nacheka kila siku kama mara ya kwanza. Tangu tufunge ndoa haijafika miezi miwili, Mama, na bado nikisikia viatu vyake moyo unanidunda.

Lakini tamu kuliko zote sijakwambia. Akirudi kutoka mazoezini analishusha lile dege la injini nne mpaka naona vioo vyake, anapita juu ya banda letu, anatikisa mabawa! Mimi natoka mbio na kile kitambaa cha njano cha meza ulichotuzawadia, nakipunga kwa mikono miwili. Wenzake wote humo ndani wanajua ni mimi. Ni marufuku, lakini nani atasema? Anayenuna ni Bi. Kucera tu, kwa ajili ya bata mzinga anaowanenepesha awauze Sikukuu ya Shukrani, maana kelele zinawatisha. "Mwambie mumeo hakunioa mimi," anasema. "Amsalimie mkewe mezani kama wanaume wengine!"

Verlin anasema urubani ameurithi kwa baba yake. Laiti ningalimwona!

Mkweo akupendaye mno,
Opal

*

Shambani, Iowa
6 Septemba 1944

Mkwe wangu Opal,

Salamu. Goti ni lile lile. Mahindi yanakauka vizuri.

Nakuomba kile kitambaa ukitandike mezani. Ndege ikipita, kaa ndani, usitoke. Usiniulize sababu, na Verlin usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mama mkwe wako,
Inga

*

Elkvale, Nebraska
11 Septemba 1944

Mama mpenzi,

Hujambo? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauna amani.

Barua yako iliniliza. Nilidhani labda hunipendi, kwa kuwa tulioana haraka bila hata wewe kuniona. Hata hivyo nilikutii. Ijumaa niliketi kitandani nikaisikia ndege ikipita, nikang'ang'ania godoro nisitoke. Jioni Verlin akaniuliza, "Ulikuwa wapi leo? Wenzangu wananitania, eti kuku wangu katoroka banda." Nikasema kichwa kilikuwa kinaniuma.

Jana nilikaa ndani tena. Akapita. Kisha nikasikia anageuza. Mama, alirudi chini zaidi, ananitafuta! Vikombe vilianguka rafuni. Bata mzinga walikimbilia pembe moja ya ua wakapandana, mmoja juu ya mwenzake, na wale wa chini wakakosa pumzi. Mimi na Bi. Kucera tuliwavuta kwa mikono, lakini wengi walikuwa wameshakufa. Bi. Kucera akaketi chini katikati ya manyoya. Nikamwambia tutawalipa wote.

"Sisemi habari ya bata, mtoto," akanijibu. "Tazama ule mti nyuma ya zizi."

Kilele cha mti kilikuwa kimekatika.

"Akipita tena, hata mara moja tu, naenda kwa mkuu wa kambi. Watamnyang'anya beji yake ya mabawa asirushe ndege tena, na wewe utanichukia. Nichukie. Utakuwa na mume."

Verlin alipofika aliiona mizoga. Aliomba radhi, akashika sepetu akaizika yote peke yake. Lakini tulipobaki wawili alinikumbatia akasema, "Usiogope, mpenzi. Baba alikuwa akishuka chini kuliko hivyo, na kilichomuua ni injini. Nilitaka tu kujua kama u mzima." Mama, nampenda mpaka naumwa, na siwezi kumfanya anisikie. Mwanzoni mwa Oktoba wanapelekwa vitani. Wewe kuna jambo unalijua. Niambie!

Binti yako, ukinikubali,
Opal

*

Shambani, Iowa
15 Septemba 1944

Mwanangu Opal,

Barua yako imenifikia leo asubuhi na sijafanya kazi yoyote tangu niisome. Nakukubali. Ningekwambia zamani, ila mimi si mtu wa maneno mengi.

Nels, baba yake Verlin, alikuwa akiwarusha watu kwa ndege kwenye maonyesho ya wakulima, dola moja kwa kila mzunguko. Jioni akirudi alipita juu ya nyumba, nami nilitoka uani nikampungia aproni. Nilikuwa na umri wako. Niliona hakuna mke duniani anayesalimiwa hivyo.

Siku ile nilikuwa katika ghala la chini ya nyumba, napanga mitungi ya achari ya matango. Nilichelewa kutoka. Akageuza, akarudi chini zaidi, ananitafuta. Nilipotokeza aliniona, akainua mkono. Alikuwa akinitazama mimi, hakukitazama kinu cha upepo cha kuvutia maji. Injini ilikuwa nzima, Opal. Iliendelea kunguruma hata baada ya ndege kuanguka.

Verlin alikuwa na miaka minne, amelala ndani. Nilimwambia ni injini. Sikutaka akue akijua kwamba baba yake alikufa akinitafuta mimi. Na sasa nimekuambia wewe ukae ndani, nikasahau kwamba yule wangu pia alirudi kwa sababu hakuniona.

Kwa hiyo usijifiche, wala usipunge. Kila siku ya mazoezi nenda ukasimame langoni pa kambi, na umwambie mapema kwamba utakuwa pale. Asiwe na wa kumtafuta bandani. Bi. Kucera mpe salamu zangu, na umwambie akiona lazima kwenda kwa mkuu, aende. Hata mimi sitamchukia.

Yaliyobaki si ya barua. Verlin lazima ayasikie kwa mdomo wangu, kabla hawajamvusha bahari. Jirani atanikamulia ng'ombe. Nitapanda treni na goti langu hili hili, na kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa kwenu. Mwambie aje kunipokea stesheni kwa miguu yake miwili.

Mama yako,
Inga