Mazigazi Nyuma ya Duka la Ngisi

Jumamosi, 8 Aprili

Naanza shajara. Daftari lilikuwa la hesabu, kurasa tatu tu zimetumika. Hesabu na mimi tuliachana mapema.

Leo dukani nimewanyamazisha watu. Walikuwepo wale wazee wa kamera, wanaoshinda kwenye ukuta wa bahari Aprili na Mei yote wakingoja mazigazi, yale maono ya uongo juu ya bahari. Shingo zimewaungua mpaka zinafanana na kamba wa kuchemsha. Wananunua ngisi huku wanalalamika — makumbusho ya mji walitundika bango kwamba jana ng'ambo ya ghuba itanyanyuka, viwanda vitarefuka, daraja litapinduka. Wapi! Viwanda vilikaa palepale kama mawe.

Nikawaambia, mngeniuliza mimi. Mimi mtoto wa mji huu wa Uozu. Mlango wa nyuma ukifunguliwa unakanyaga ukuta wa bahari. Mazigazi mimi nayanusa siku moja kabla!

Shangazi Fumie hakuinua hata kichwa. Alikuwa anang'oa macho ya ngisi kwa kibano. Akasema, siku ya mtihani ilikupita umelala, ndiyo ya mazigazi utaijua?

Wazee wakacheka mpaka kamera zikagongana. Nikasema tuwekeane dau. Shangazi akaweka kibano chini. Hapo ndipo ningepaswa kujua nimekwisha.

Dau lenyewe: jioni naandika KESHO kwenye ubao wa dukani. Kesho yake mazigazi yakitokea, na Shangazi akayaona kwa macho yake mwenyewe, bila darubini, amesimama kwenye ukuta wetu, hatataja tena neno "shule" mpaka afe. Mei ikiisha bure, mwezi wa kumi naingia shule ya jioni. Na kila nikikosea, Jumapili naenda darasa la watoto kule makumbusho, kwa Bi Kuwata, yule anayenunuaga ngisi wa kukausha na kuomba nyongeza.

Darasa la watoto! Na miaka yangu kumi na saba! Shauri yao. Sikosei.

Jumatano, 12 Aprili

Nimeandika KESHO, herufi kubwa, chaki ya njano.

Sababu? Mto umekuja mweupe. Theluji ya mlima Tateyama inayeyuka, maji ya barafu yanaingia ghubani. Marehemu babu alikuwa anasema mto ukija mweupe, mazigazi hayako mbali. Wageni hawajui mambo haya. Wao wanasoma simu.

Alhamisi, 13 Aprili

Upepo. Mawimbi. Baridi ya kuuma masikio. Ng'ambo hata haikuonekana, achilia mbali kupinduka.

Mzee mmoja wa kamera amepita dukani kunishukuru. Profesa, anasema, leo nimepiga picha nzuri sana za mawingu.

Shangazi alipanguza ubao polepole, anapiga mluzi.

Jumapili, 16 Aprili

Viti vya darasa la watoto kule makumbusho vinafika kwenye kifundo cha mguu. Nimekaa magoti yakigusa kidevu. Watoto kumi na mbili na mimi. Jirani yangu Mio, miaka minane, meno ya mbele hana. Akaniuliza, kaka, umerudishwa darasa? Nikamwambia mimi ni mkaguzi. Akasema mkaguzi havai kandambili.

Bi Kuwata alileta tangi la kioo. Chini akamimina shira nzito ya sukari, juu maji matupu, taratibu, yasichanganyike. Akazima taa, akapitisha mwali wa tochi ya leza katikati. Mwali ukapinda! Ukainama kuelekea kwenye shira kama mtu anayetafuta sarafu. Nilipiga kelele. Watoto wote wakanigeukia.

Anasema hewa nayo ni hivyo. Ya baridi ni nzito, inalala juu ya bahari kama shira. Ya joto ikitambaa juu yake, mwanga unaotoka ng'ambo unapinda kuelekea kwenye baridi, unatushukia machoni. Jicho ni jinga. Linadhani mwanga siku zote huja umenyooka. Basi linaona jengo liko juu kuliko lilipo, au limesimama kwa kichwa.

Nikanyoosha mkono (ilibidi, ndio utaratibu wa pale) nikasema ile baridi ni maji ya theluji, babu yangu alisema. Bi Kuwata akatabasamu. Watu wamesema hivyo miaka na miaka, anasema, lakini walipopandisha vipimajoto angani kupima, wakakuta kazi kubwa inafanywa na hewa ya joto inayotoka nchi kavu na kwenda kulala juu ya ile ya bahari. Babu yako alikuwa anaona vizuri, ila sifa alimpa jirani.

Mio akaandika hilo kwenye kijitabu chake. Mnafiki.

Jumamosi, 22 Aprili

Sasa nimeelewa. Kinachotakiwa ni joto kutoka nchi kavu. Redio imesema kesho joto litapanda ghafla, upepo wa kusini, kutoka milimani. Nchi kavu kabisa hiyo! KESHO, nimeandika, na mstari chini yake. Nimemwambia Shangazi aage neno shule, waagane vizuri.

Jumapili, 23 Aprili

Yaani.

Asubuhi kweli joto. Joto la mwezi wa saba, kiangazi kamili! Nikatoka nyuma kifua wazi, nikiwasalimia wazee wa kamera kama diwani. Halafu ukaja. Upepo ule unaoshuka Tateyama, mkavu, moto, unakusukuma kama una haraka zake. Nyavu za kukaushia ngisi zikajaa kama matanga. Nikasikia Shangazi anaita jina langu lote, na la ukoo. Kutazama — wavu wa kwanza uko hewani. Wa pili. Ngisi wa siku mbili wanaruka juu ya ukuta, wadogo, wakavu, kama majani ya chai. Shakwe walijaa mpaka nadhani walipigiana simu.

Mzee mmoja wa kamera kabandikwa ngisi kwenye lenzi. Akasema, profesa, mazigazi yako yana harufu.

Shangazi alikimbia ufukweni na ndoo, soksi tupu. Nami nyuma yake. Tuliokota labda robo. Hakunigombeza. Alikaa chini, akanitazama nywele zangu zilizojaa ngisi, akacheka mpaka akalia, halafu akasema, saa nane darasa lako, usichelewe.

Bi Kuwata alishasikia. Mji mzima ulishasikia. Akatueleza kwamba hewa ikishuka mlimani inabanwa, na ikibanwa inapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukipampu. Sawa. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu joto! Akampa Mio upawa, akamwambia koroga tangi. Mio akakoroga shira na maji. Tochi ikawashwa. Mwali umenyooka kama rula.

Kaka, anasema Mio, wewe ulichagua siku ya kukorogwa.

Mtoto wa miaka minane. Meno hana.

Jumapili, 30 Aprili

Wiki hii sikuandika chochote ubaoni, kwa hiyo adhabu hakuna. Nilipita tu makumbusho kwa sababu ilikuwa njiani.

Shangazi anasema makumbusho iko njiani kwenda wapi, maana baada yake kuna bandari halafu bahari. Nikasema nilikuwa naenda baharini.

Leo somo lilikuwa mazigazi ya majira ya baridi. Hayo kumbe ni kinyume — bahari ina joto, hewa ya juu baridi, na taswira inaning'inia chini ya kitu badala ya juu. Nimeyaona kila Januari tangu nizaliwe, sikuwahi kujiuliza. Nilidhani ng'ambo inakuwaga hivyo tu.

Jumanne, 9 Mei

Nimetengeneza tangi langu. Ndoo ya plastiki ya ngisi, ile inayopitisha mwanga. Chini maji ya chumvi kali, juu maji ya bomba, tochi ya leza ya kuchezea paka. Imepinda! Nimekaa uani nikiipindisha mpaka betri ikaisha.

Shangazi akatoka. Nani kamaliza chumvi yangu? Nikamwonyesha. Akainama akaangalia, muda mrefu kwa mtu mwenye ngisi jikoni. Akauliza, kwa nini inapinda hapo katikati tu na si chini kabisa? 

Akaniacha na swali hilo.

Nisidanganye humu, maana humu hakuna wa kumdanganya. Shule sikuiacha kwa sababu nilichoka. Nilifeli hesabu, wakasema nirudie mwaka na wenye umri mdogo kuliko mimi. Mimi nikae na wadogo! Nikabeba begi nikaja kung'oa macho ya ngisi. Watu nikawaambia shule ilinichosha. Shangazi aliwahi kuniuliza sababu mara moja, akaona uso wangu, hakurudia.

Jumatano, 17 Mei

YAMETOKEA! Na sikuandika ubaoni!

Madogo lakini. Kwa darubini tu, upande wa mji wa Kurobe, nyumba zimeota ndevu. Upepo wa kaskazini-mashariki, mdogo, bendera ya duka inajikuna tu. Asubuhi ilikuwa baridi, mchana joto, anga safi. Nimeyashika kichwani yote.

Shangazi: na ungeandika pia ungeshindwa, mimi bila darubini nimeona nyumba tu. Halafu akaongeza, mbona hujakasirika?

Kweli. Mbona sijakasirika?

Ijumaa, 26 Mei

Mvua. Mvua. Mvua.

Shangazi ameweka karatasi ya matangazo ya shule ya jioni chini ya bakuli langu la wali, eti meza isiungue. Nimeisoma kwa sababu bakuli lilikuwa juu yake, si kwa sababu nyingine. Wanafunzi wako wa miaka kumi na sita mpaka sitini na tatu. Kuna fundi bomba. Kuna bibi. Na kuna somo linaitwa sayansi ya dunia: bahari, hewa, miamba.

Nikamwaga supu juu yake. Bahati mbaya. Nimeianika.

Jumanne, 30 Mei

Kesho ndiyo mwisho wa Mei. Sina nafasi nyingine.

Nimetoka mara kadhaa kupima maji kwa kipimajoto cha kamba. Bado ya baridi. Mvua imepita, kanda ya hewa nzito imekuja juu yetu na kutulia, usiku utakuwa safi. Kesho nchi kavu itapata joto mapema, bahari itachelewa. Upepo, watabiri wanasema, dhaifu, wa kaskazini-mashariki. Sinusi kitu safari hii. Nimehesabu tu.

Nimeandika KESHO. Herufi ndogo. Shangazi akaja, akasoma, akasimama pale na taulo begani. Nilitegemea mzaha. Akasema tu, una uhakika? Nikasema sina, nina sababu. Akaniangalia kama mtu aliyekuta pesa kwenye koti la zamani.

Jumatano, 31 Mei

Asubuhi. Niko ukutani na daftari. Bahari kama chai iliyopoa. Bango la makumbusho nalo linasema huenda. Wazee wa kamera wako tayari, wamenibakishia nafasi bila kuniita profesa.

Baada ya chakula. Hamna kitu. Upepo umegusa tu, umelala tena. Mzee mmoja anakoroma.

Kuna kitu. Subiri.

Mstari wa pwani upande wa mji wa Toyama umenenepa. Matangi ya mafuta — yanarefuka! Yanapanda kama mkate tanurini! Daraja kubwa lina daraja lingine juu yake, miguu juu. Mwanamama mmoja analia. Wazee wanabofya kama nzige. Hakuna anayehitaji darubini, hata kipofu — hapana, kipofu hapana, lakini kila mtu!

Mimi niliyesema. Mimi! Jana jioni, kwa chaki!

Na mbona kushoto yanarefuka tu, kulia yanapinduka? Bahari ni hiyohiyo. Au ile hewa ya joto haijalala sawasawa, kulia imeshuka zaidi? Bi Kuwata amefika anahema, baiskeli kaitupa chini. Nimemuuliza. Anasema hilo linataka hesabu, Kanta, hesabu ya kweli, nikikueleza hapa yatapotea kabla sijamaliza.

Shangazi ametoka. Mlango wa nyuma, aproni, kibano bado mkononi. Amesimama juu ya ukuta wetu, mahali hasa tulipokubaliana. Amekodolea ghuba. Daraja liko kichwa chini mbele ya pua yake, refu kama hekalu.

Nikasema, haya! Sema sasa.

Akafikicha jicho moja. Akafikicha la pili. Akasema, mimi naona bahari.

Wazee wakalipuka! Mama Fumie, acha hizo! Hilo pale! Pale! Yeye katulia kabisa. Umri, anasema. Macho yangu siku hizi si mazuri. Kama kuna mtu anasema nimeona, na aseme.

Amekuja kukaa hapa kando yangu. Ananuka siki na ngisi. Hatazami bahari tena, ananitazama mimi ninavyoandika. Kule kulia pameanza kubadilika, taswira ya juu inashuka kuikuta ya chini, na sijui kwa nini, na baada ya muda mfupi itakuwa imeondoka.

Kanta, anasema, pole pole, hakuna mzaha sautini. Niambie wewe. Nimeona, au sijaona?

Nikisema ameona, neno shule limekufa; nikisema hajaona, mwezi wa kumi niko darasani. Watu wote ukutani wamenigeukia. Na mdomo huu, ambao haujawahi kukosa neno tangu niote meno —