Wa Mwisho kwenye Jedwali

Nyumba ya Walimu, mlango wa tatu,
Nyuma ya shule.
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Kisigino,

Pokea salamu zangu nyingi, hata zile usizostahili. Hujambo? Mgongo wako je, bado unalalamika, au umeuzoea kama wifi yangu alivyokuzoea wewe? Mapacha hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama anatembea vizuri na ameanza tena kugombana na redio, kwa hiyo amepona. Mimi magoti yananisema kila asubuhi, na kwa mzigo ninaoyabebesha, yana haki.

Ile picha ya gazeti nimeipata, na shule yetu nimeiona mwishoni kabisa mwa jedwali la matokeo ya mtihani, umeizungushia wino mwekundu. Ahsante kwa kunihabarisha, ingawa hapa nilikuwa nimeshahabarishwa na kila mpita njia. Unauliza kama sioni haya, na kwa nini siombi uhamisho kabla shule haijanifungia mlango usoni. Haya sioni, na uhamisho siombi. Sasa kaa kitako nikueleze.

Shule yetu ya kati unaijua: vyumba sita, darasa la sita hadi la nane. Ulipoiona mara ya mwisho watoto walikuwa wa mtaa huu huu. Siku hizi zaidi ya nusu ni wageni, watoto wa wajenzi wa barabara kuu, wa wafungashaji wa ghalani, na wa familia zilizovuka mpaka na nguo za mwilini tu. Nyumbani wanasema lugha ambazo mimi hata kuaga kwazo sijui. Na barabara ikisogea, wajenzi wanasogea na watoto wao, kwa hiyo darasa ninaloanza nalo mwaka silo ninalomaliza nalo.

Basi tuna desturi yetu. Mgeni akifika anaketishwa ubavuni mwa mgeni aliyemtangulia, hata kama huyo ana miezi miwili tu. Anayejua kidogo anamfundisha asiyejua kitu. Hesabu zangu nazifundisha kwa chaki, kwa vidole na kwa uso. Wanasema uso wangu ukikunjamana, jibu si hilo.

Mwaka jana ofisi ya elimu ilitutangazia kwamba tukiwa wa mwisho tena, tutaunganishwa na shule kubwa ng'ambo ya barabara. Hapo damu ikanichemka. Shule ile inapokea kwa usaili, na mtoto asiyejua lugha atashindwa getini kabla hajaitikia salamu. Wao wanaita kuunganisha. Mimi naita kuwatupa nje.

Akaja bwana wa takwimu, ambaye sisi tunamwita Bwana Wastani. Si mtu mbaya, ana sauti ya mtu anayebembeleza kichanga. Akatushauri kwamba siku ya mtihani wa darasa la saba, wale wageni wanaweza kuumwa. Asiyefanya hahesabiwi, wastani unapanda, shule inapona. Mkuu wetu ni Mama Kengele, tuliyempa jina hilo kwa sababu sauti yake ilishaistaafisha kengele ya shule. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisema polepole.

"Watoto wa shule yangu hawaumwi kwa ratiba."

Lakini maneno yana miguu. Asubuhi ya mtihani tulikuta madawati ya nyuma matupu. Mama Kengele akanitazama, mimi nikatazama magoti yangu. Tukaazima kigari cha mzigo cha fundi mchomeleaji, baba wa mwanafunzi wetu mmoja, tukaenda kambi ya wajenzi. Mkuu mbele, mimi nyuma juu ya mabomba kama furushi lililokosa mwenyewe.

Mama wa kwanza alifungua mlango nusu. "Mwalimu, tumesikia sisi ndio tunaowashusha. Waacheni hawa leo, mpone."

"Mama," nikamwambia, "mimi nimeshushwa na wengi, wengine ndugu zangu wa damu. Mwanao hata kwenye foleni hajafika. Mlete."

Akacheka, akafuta macho, akafungua mlango wote. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa sare iliyopigwa pasi, penseli mkononi. Alikuwa hivyo tangu alfajiri. Tukapita mlango kwa mlango hadi tukawazoa wote.

Kwa hiyo, Kisigino, usidhani umwisho huu ulitupata kwa bahati mbaya. Tuliufuata wenyewe, kwa gari.

Matokeo yalipotoka niliyapanga kufuata muda ambao kila mtoto amekaa nasi. Waliokuwa nasi tangu darasa la sita, wenyeji kwa wageni, karibu wote wamefaulu. Waliofika mwaka huo huo wengi wameanguka, kama ambavyo ungeanguka wewe ukitahiniwa leo kwa lugha uliyoisikia jana. Nikamweleza Bwana Wastani. Akasema jedwali halina safu ya mambo hayo.

"Basi ichore," akasema Mama Kengele, safari hii kwa sauti yake ya siku zote. Mlinzi wa getini aliamka.

Uamuzi bado haujatoka. Kwa sasa tumeagizwa tusisajili mwanafunzi mpya. Jumatatu akaja baba mmoja wa kambini na wasichana wawili wasiojua neno letu hata moja. Nikawasajili mimi, nikatia sahihi yangu kubwa kubwa, ili wakitafuta wa kufukuza wasihangaike kusoma.

Nikawaingiza darasa la nane, nikawa naangaza macho nitafute nafasi. Yule binti wa sare ya alfajiri, aliyepata alama nisizozitaja kwa kuwa nawe zilishakupata, akajisogeza mwisho wa dawati bila kuambiwa. Akapigapiga ubao wa kukalia kwa kiganja mara mbili: njooni, ketini.

Sasa niambie, mdogo wangu, nihame niende wapi?

Mama anakusalimu na anasema upige simu, ugomvi wa redio haumtoshi. Nisalimie wifi, nampa pole kwa kuishi nawe. Mapacha waambie shangazi anawabusu, na darasani wasogee mgeni akija. Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, na ule wino mwekundu akukaushie.

Ni mimi dada yako, wa mwisho kwenye jedwali, wa kwanza kwa kukupenda,

Mwalimu wa Vidole