Sigaa Isiyowashwa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na mume wangu hatujambo, na tunaomba kifua chako kiwe kimetulia kidogo.

Mzigo mpya umefika dukani: sigaa ndogo za Kuba, zilizoviringwa kwa majani mazima ya tumbaku, makasha matatu, kila sigaa urefu wa kidole cha shahada. Tarehe ishirini na nane wanunuzi wa mahoteli watakuja kuzionja. Mwenye duka ameniteua niziwashe mbele yao na kuwaeleza kila ladha, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Nilipozinusa tu nilipata mierezi, kahawa iliyokaangwa na ngozi ya kiatu kipya. Pua yangu siku hizi ni kali mpaka inanitisha.

Nina swali, usinicheke. Je, muonjaji anaweza kuihukumu sigaa bila kuiwasha?

Wako mtiifu,
Binti yako


9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi nakisikiliza tu.

Swali lako nimelisoma mara mbili nikidhani macho yananichezea. Sigaa isiyowashwa ni chungu kisichoinjikwa. Utausifu vipi mchuzi? Kuinusa ni kupiga hodi tu. Tena hizo ndogo ndizo ngumu, maana zinawahi kupata moto, na ukizivuta kwa pupa zinageuka uchungu mtupu. Vuta mara moja kwa dakika. Moshi ukae mdomoni, usiumeze, uutoe taratibu. Mwanzo utapata utamu, katikati viungo, na mwishoni sigaa itakuambia ukweli.

Mwenye duka ameniandikia. Anasema wiki tatu sasa, hata kabla ya mzigo huu, unawasha sigaa na kuziacha zife kwenye kisahani. Pale nilisimama miaka thelathini na mmoja, na nafasi hiyo uliipata kwa jina langu. Kama umeichoka kazi, sema, nimwambie atafute mwingine. Usinivue nguo hadharani.

Baba yako


14 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu.

Nina mimba ya miezi mitatu. Zile homa mbili nilizokuandikia, ya mwaka juzi na ya mwaka jana, hazikuwa homa. Zilikuwa mimba, na zote mbili zilitoka. Mkunga amenikataza moshi, niuvute mwenyewe au wauvute wenzangu. Mwenye duka hajui. Mwenzangu mmoja wa dukani alipomwambia ana mimba alihamishiwa ghalani, na hakurudishwa tena.

Mambo haya binti humwambia mama yake. Mama sina, kwa hiyo nimekuandikia wewe, uso umeniiva kwa aibu. Nifanye nini?

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Usiwashe.

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Watu wanakuita kifungua mimba wetu. Sivyo. Kabla yako alikuwapo mwingine. Tulikuwa tukiishi chumba kimoja, dirisha moja, nami ndiyo kwanza najifunza kuonja, sigaa sita kwa siku, nane nikitaka sifa. Mama yako aliniomba nivutie nje. Nikamwambia moshi ndio unaotulisha. Akaniomba tena, kisha hakurudia. Mimba ilipotoka hakunilaumu hata kwa jicho, wala mimi sikumwuliza kitu. Mpaka namzika sikumwuliza.

Kazi na ipotee. Jina langu nalo lipotee, nimelitumia vya kutosha.

Baba yako


30 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na saba. Niliisoma nimesimama stoo, katikati ya makasha.

Juzi wanunuzi walikuja, watu watano. Niliomba madirisha yote yafunguliwe, nikasimama penye upepo. Sigaa ya kasha la kwanza nikainusa, nikaivuta bila moto, nikawaambia watarajie asali, mierezi, na pilipili manga mwishoni. Wakawasha wao, wakaafiki. La pili vivyo hivyo. Sigaa ya kasha la tatu nikairudisha mezani. Ilikuwa na harufu ya ukungu, kwa mbali, kama nguo iliyokunjwa mbichi. Mwenye duka akasema nimekosea, akanitia kiberiti mkononi.

"Iwashe, wajionee."

"Siwashi. Nina mimba."

Kisha mnunuzi mmoja, mama wa makamo, akachukua kisu akaipasua ile sigaa. Jani la ndani lilikuwa limeota vinyweleo vya kijivu.

Hakuna aliyenishangilia, Baba. Wageni walipoondoka, mwenye duka aliniambia nimemuumbua mbele ya wateja wake, nikabidhi funguo. Nikazikabidhi.

Lakini tangu asubuhi ya leo naona damu. Mume wangu ameenda kutafuta gari la kunipeleka hospitali. Usije mbio, kifua chako hakiwezi safari ya siku mbili. Ngoja barua.

Binti yako


12 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mnaendeleaje? Nangoja kama ulivyoniagiza. Mwambie mume wako aandike japo mstari mmoja, hata kama mwandiko wake ni wa kuku.

Baba yako


4 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Karani wa posta sasa akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Kama imetoka, usiniandikie kwamba ulikuwa na homa. Niandikie hivyo hivyo ilivyo.

Baba yako


22 Mei

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Walinilaza siku ile ile, chali, marufuku hata kuketi. Kila nilipotaka kumtamkia mume wangu aandike, niliogopa kwamba jambo la leo kesho litakuwa uongo. Damu ilikoma wiki ya tatu. Tukangoja tena, tukiogopa hata kufurahi. Sasa mtoto anacheza. Nikila chungwa ananipiga teke, sijui analitaka au hataki nilile. Nimerudi nyumbani, ila nitakuwa wa kitandani hadi nijifungue. Mume wangu anapika na anaunguza, nasi tunakula hivyo hivyo.

Nilimwuliza daktari habari za yule wenu wa kwanza. Akasema pengine ni moshi, pengine sio, na sasa hakuna awezaye kujua. Kwa hiyo sikuandikii kwamba hukukosa. Nakuandikia uje. Kiti kipo karibu na kitanda changu.

Uje polepole, Baba, lakini mtoto asikutangulie.

Binti yako